Mwaka Tuliomwombea Askari

Bi Zuena amezikwa juzi. Mie sikwenda makaburini, kwa kuwa wanawake hawaendi, nilibaki ndani pamoja na wenzangu kwenye mikeka, nimejifunga kanga mbili kama mwenyeji wa nyumba, na kweli nyumba ile nilikuwa mwenyeji. Wanaume waliporudi kutoka kuzika, nikamwona mtu mmoja mrefu, ndevu zimeanza mvi kidevuni, kasimama ukumbini mbele ya mlango wa chumba kilichokuwa cha mama yangu mdogo. Kasimama tu, kama mgeni asiyejua aingie wapi. Mwanamke aliyekaa ubavuni kwangu akaninong'oneza, "Ndiye Nassor huyo, kafika alfajiri." Nilishtuka, sitaki kusema uongo. Jina la mtu yule nimelitaja mbele ya Mungu mara nyingi kuliko nilivyolitaja la mume wangu, na uso wake ndiyo kwanza nauona.

Ilikuwa mwaka ule ambao vijana wa nchi za Waarabu waliingia barabarani, nchi moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja nafasi ya chuo cha ualimu, nikaletwa Makorora, Tanga, kwa Mama Mdogo Yunisi nimsaidie kazi. Alikuwa fundi cherehani, na msimu wa sare za shule ulikuwa haumpi nafasi hata ya kujikuna. Alipanga vyumba viwili vya mkono wa kushoto katika nyumba ya Bi Zuena. Mkono wa kulia alikaa mwenyewe Bi Zuena, mjane, mama wa mtoto mmoja. Katikati ulipita ukumbi mrefu wenye sakafu ya saruji nyekundu, unaotokea uani, na uani kulikuwa na kisima, kamba za nguo, na jiko la bati ambalo wote tulipikia. Mapazia tu ndiyo yaliyotutenga. Ukipiga chafya chumbani kwako, wa upande wa pili atakwambia "afya".

Watu wa baba yake Bi Zuena walitoka Oman zamani sana, wakiwa na mashamba ya minazi, na mashamba yakaisha, wakabaki na jina na nyumba mbili tatu. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga hasa, cha kuvuta maneno. Kiarabu alikijua cha kusikia na cha kusali, na kidogo cha kugombana na jamaa zake kwenye simu. Nassor alichukuliwa na baba yake mkubwa akiwa kijana, akapelekwa Uarabuni, akapata karatasi za huko kwa ajili ya asili ya baba yake, akaandikishwa uaskari. Nchi yenyewe siitaji. Nassor bado anakula mkate wake huko, nami sitaki kumtafutia mtu balaa kwa ajili ya kutaka kuonekana najua habari.

Sebule ya Bi Zuena ilinukia udi na karafuu, na ilikuwa na televisheni iliyofungwa dishi kubwa juu ya paa, kubwa kuliko la nyumba yoyote ya mtaa ule. Jioni tulikaa mle sote watatu. Mama Mdogo alikuja na nguo zake za kupiga lukwi, kushona pindo kwa mkono, mie na kopo la vifungo. Kwenye kioo watu walikuwa wengi, wameinua mikono, na mtangazaji anasema haraka haraka. Bi Zuena alitutafsiria kwa mkato. "Wanasema wanataka kazi." Mtangazaji akaendelea. "Wanasema wamechoka na wakubwa." Jioni moja Mama Mdogo alikata uzi kwa meno akauliza, "Na Nassor?" Bi Zuena akajibu bila kuondoa macho, "Nassor anasimama pale anapoambiwa asimame, Yunisi. Ndiyo kazi yake." Fujo zilikuwa bado hazijafika mji wa Nassor. Siku fujo zilipofika huko, sisi tulijua kabla Bi Zuena hajatwambia, maana alizima televisheni, na haikuwa kawaida yake kuizima.

Alhamisi alasiri ilikuwa siku ya jumuiya. Asiyejua mambo ya Walutheri nimwambie: watu wa mtaa mmoja hukutana nyumba kwa nyumba, hii wiki kwako, wiki ijayo kwangu, wakaimba, wakasoma neno, wakaomba, kisha mwenye nyumba akawapa chai. Kwetu walipenda kuja hata zamu isipokuwa yetu. Walisema uani kwetu kuna nafasi. Ukweli ni mkate wa kumimina wa Bi Zuena, wa mchele na nazi. Tangu Mama Mdogo alipohamia pale, Bi Zuena ndiye aliyewapikia wageni wetu. Alisema hawezi kukubali nyumba yake ijulikane kwa maandazi magumu ya Yunisi. Akipika huku sisi tunaimba, na nyimbo zetu nyingine alizijua, nimemsikia akiziimba puani akifua.

Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa Mzee Elia, aliyekuja Tanga kutoka nyanda za juu akiwa kijana kukata mkonge, akastaafu akiwa nyapara. Sauti yake ilikuwa ya kuita watu shambani mstari wa mbali, na akiomba aliomba kwa sauti ile ile. Mwalimu wa kwaya alikuwa Josia, kijana, mpenda habari, redio haimtoki mkononi. Alhamisi ya wiki ile televisheni ilipozimwa, kabla ya maombi, Josia alisema, "Wale vijana wanadai haki yao. Sisi kama Wakristo hatuwezi kukaa kimya. Tusimame nao." Mzee Elia akatikisa kichwa, akasema, "Haki sawa, mwanangu. Lakini mie naona na zaidi. Nchi zile zilikuwa zimefungwa, Injili haina pa kupita. Sasa Mungu anavunja kuta." Wote wakaitikia amina, na nadhani kila mmoja aliitikia lake. Kisha Mzee Elia akasimama, akafumba macho, akaomba. Alimshukuru Mungu kwa moto aliouwasha. Akamwomba auchochee, usizimike, uwaangushe wakubwa na askari wao na wote wanaowasimamia, milango ifunguke. Aliomba kwa moyo mweupe kabisa. Wala hakuwa mtu mbaya, kila msiba wa mtaa ule, wa Kikristo na wa Kiislamu, alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Mie naomba macho wazi, ndivyo nilivyo. Nilimwona Bi Zuena jikoni, hatua chache nyuma ya mgongo wa Mzee Elia, ameinua kifuniko cha sufuria chenye makaa juu yake, na mkono ukabaki pale pale hewani. Kifuniko kile ni kizito na kina moto. Alikishika hivyo mpaka Mzee Elia akasema amina. Kisha akakiweka chini, akaukata mkate vipande, akaupanga kwenye sinia, akatuletea. "Karibuni, Mzee Elia," akasema. "Leo nimezidisha iliki." Wakala, wakausifu. Mama Mdogo hakugusa.

Walipoondoka, Mama Mdogo alikwenda upande wa kulia, nami nikawa naosha vikombe ukumbini, taratibu kuliko vikombe vilivyohitaji. Nikamsikia akisema, "Bi Zuena, yale uliyoyasikia, sijui niseme nini. Nimefedheheka." Bi Zuena akajibu kwa sauti yake ya siku zote, "Kwangu hakuna kitu, Yunisi. Mie ni mpishi tu pale, hakuniomba mie. Aliyemwomba kasikia, ndiyo maana naogopa." Baada ya hapo nikasikia mtu analia, nikajua ni Mama Mdogo.

Siku zilizofuata simu zikakatwa huko. Bi Zuena alikaa kwenye godoro lake la sebuleni na simu mapajani, anapiga, anasikiliza, anapiga. Alikuwa akiiweka sauti ya juu kwa sababu ya masikio yake, basi nyumba nzima tukawa tunamsikia yule mwanamke wa kwenye mtambo akisema kwa Kiarabu kwamba namba haipatikani. Sentensi ile niliishika kwa moyo, mpaka leo naweza kuisema yote. Jiko la uani likahamia kwetu. Mama Mdogo alipika mbaazi za nazi, akapika samaki, akapika hata bada, ugali wa muhogo ambao yeye mwenyewe haupendi, ilimradi Bi Zuena ashawishike. Alikula matonge mawili, akasema alhamdulillahi, akatuuliza habari za vifungo. Televisheni aliiwasha tena, ila alikuwa haangalii watu walioinua mikono. Alikaza macho kwenye ule mstari wa kofia za chuma nyuma ya ngao, akitafuta uso. Nilimwonea huruma nikashindwa kukaa mle.

Alhamisi iliyofuata zamu ilikuwa ya nyumba ya Mzee Elia. Mama Mdogo akatuma neno kwamba waje kwetu tena, ana hoja. Wakaja. Hapakuwa na harufu ya mkate, nadhani wengine walitambua. Mama Mdogo akasimama, tepe yake ya kupimia bado shingoni, akasema, "Leo nina ombi moja. Mtoto wa mwenye nyumba hii ni askari kule kule tulikomwomba Mungu achochee moto. Hajulikani kama yu hai. Naomba tumwombee."

Mzee Elia alikohoa. Alikuwa hajui, wengi wao hawakujua, walijua tu kwamba Bi Zuena ana mtoto Uarabuni, na nani hana mtu Uarabuni Makorora. Josia ndiye aliyeanza, kwa adabu. "Mama, samahani. Askari wale wanawapiga watu wasio na kitu mkononi. Tukimwombea askari, si tumesimama upande wake?"

"Wiki iliyopita tuliwaombea watu ambao hapa hakuna anayemjua hata mmoja wao," Mama Mdogo akasema. "Sikusikia ukiuliza wakoje. Leo nawaletea mmoja ambaye mama yake tunamjua, na chakula chake tumekila. Mnanambia huyu ndiye hafai?"

"Sijasema hafai, mama. Nasema, na wale anaowapiga?"

"Na wao. Nani kasema waachwe?"

"Sasa tumwombee nini?" akauliza Mzee Elia, na aliuliza kweli, hakuwa akibisha. "Ashinde? Nikiomba ashinde, nimewaombea wale washindwe. Nikiomba wale washinde, mama yake yule pale. Mie, Yunisi, sijui niombe nini." Nilikuwa sijapata kumsikia Mzee Elia akisema hajui. Sauti yake ilikuwa ndogo. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu wa umri wake na cheo chake: akainuka, akaenda mpaka kwenye pazia la sebule ya Bi Zuena, akavua kofia, akapiga hodi.

"Karibu, Mzee Elia."

"Sikai, Bi Zuena. Nimekuja kukuomba radhi. Nilifungua mdomo bila kuangalia niko nyumbani kwa nani. Nasi tunataka kumwombea mwanao, kama utaturuhusu. Tunakuuliza wewe, tuombe nini?"

Bi Zuena akatoka, kanga kichwani, akashika mwimo wa mlango. Alikuwa amekonda kwa siku zile chache. Tulidhani atasema uzima, maana ndilo kila mama angesema. Akasema, "Ombeni asiue mtu."

Akaendelea, pole pole, akitutazama mmoja mmoja. "Kufa kwake nimemwachia Mungu. Nimelia, nimemwachia. Lakini wamempa bunduki, na mtoto wangu ni mtiifu, nilimlea mwenyewe akawa mtiifu. Huko mbele yake kuna watoto wa watu. Akirudi kwangu kaua mtoto wa mwenzangu, nitampokea, mie ni mama yake, nitamkataa vipi. Ila sitakuwa na raha tena." Akarudi ndani.

Tuliomba hivyo. Josia ndiye aliyeanza, na alishindwa kumaliza. Mzee Elia aliomba kwa sauti ya kawaida ya mtu anayezungumza na mwenzake, "Bwana, mzuie Nassor mkono. Na wale walio mbele yake warudi nyumbani." Hayo tu, akakaa. Kuanzia siku ile, kila Alhamisi, nyumba yoyote tuliyokuwa, jina la Nassor lilitajwa, na wanawake wa jumuiya wakapeana zamu ya kumletea Bi Zuena chakula, na Josia akawa anakuja jioni kukaa naye kwenye taarifa ya habari, akibeba redio yake bila kuiwasha. Hatukwenda mbali zaidi ya hapo. Tungefanya nini zaidi, watu wa Makorora?

Simu iliita asubuhi moja, tunakunywa uji. Nilimsikia Bi Zuena akitaja jina la mwanawe, kisha akaanza kuuliza: umekula, una homa, kile kikohozi, wanakupa blanketi? Aliuliza mambo mengi sana madogo madogo. Mimi nilisimama ukumbini na kikombe mkononi nikingoja aulize lile moja, na simu ikakatika kabla hajaliuliza. Alhamisi ile tuliimba mpaka majirani wakaja kuchungulia. Mkate wa kumimina ukarudi. Mzee Elia akasema, "Bi Zuena, Mungu ametujibu," naye akamjazia kikombe, akasema, "Katujibu uzima, na ule hamkuuomba. Lile jingine endeleeni tu kuomba." Mzee Elia aliona ni unyenyekevu wake. Mie nilidhani hivyo hivyo.

Kule mambo yakatulia, wakubwa wakabaki wakubwa, televisheni ikahamia nchi nyingine. Mie nikapata chuo, nikaondoka. Mzee Elia alikwisha fariki, Mungu amrehemu, na Mama Mdogo yuko Lushoto, magoti hayamruhusu kushuka. Siku hizi nakaa Nguvumali, hapa hapa Tanga, nafundisha, na simu yangu haipumui kwa ajili ya kundi la usharika. Vijana wa nchi fulani wakiingia barabarani tu, watu wanaletewa video, wanabandika mikono ya sala na miali ya moto, huyu anaona ni siku za mwisho, yule anaona ni ukombozi, saa nzima wanabishana Mungu yuko upande gani. Nami nakasirika, kisha najionya nisikasirike, kwa kuwa tuliomba vibaya kuliko hao, na kwa sauti zaidi. Mara moja moja naandika, "Kuna yeyote kati yetu mwenye mtu kule?" Kwa kawaida kundi hunyamaza. Mara moja dada mmoja akajibu kwamba ana shemeji yake kule, anaosha vyombo hotelini, na usiku ule watu wakamwombea mwosha vyombo. Niliona afadhali.

Juzi, watu walipopungua, nilikuta Nassor amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, mbele ya mahali lilipokuwa jiko la bati. Nikampa pole, nikajitambulisha. "Tabitha wa Bi Yunisi," akasema. "Nakujua. Mama alikuwa akinitajia nyote." Akanionyesha kiti. Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha mama yake, cha kuvuta. Tukazungumza habari za ugonjwa wa mwisho, nani alikuwepo, alisema nini. Kisha akasema, "Alinambia Wakristo wa uani walikuwa wakiniombea kila wiki. Hakunambia mliomba nini."

Ningeweza kusema uzima. Niliona kwamba mtu aliyetoka kumzika mama yake haifai kudanganywa. "Alitwambia tuombe usiue mtu," nikasema.

Ndani wanawake walikuwa wakikusanya vikombe. "Hakuniuliza," akasema. "Miaka yote hii. Kila nikimpigia nasema leo ataniuliza, nimwambie nitue mzigo. Ananiuliza nimekula."

"Aliogopa, kaka."

"Najua. Na mie niliogopa kuanza." Akanitazama. "Niulize wewe."

Sikutaka. Nilitamani mtu aje atukatize. Lakini Bi Zuena hayupo, na swali lilikuwa lake, nikaliuliza. Nikasema, "Nassor, uliua?"

"Tuliamriwa kupiga risasi, tukapiga," akasema. "Kuna wenzangu walipiga juu. Mie sikupiga juu. Palikuwa na kijana mbele yangu, shati la njano, akaanguka. Tulisonga mbele tukampita. Hakuinuka." Sauti yake haikubadilika. Nilimchukia kwa muda mfupi, nalisema kama lilivyokuwa, kisha nikaona machozi yanamshuka kwenye ndevu wala hayafuti, na chuki ikanitoka nikabaki na huzuni tu, ya wote wawili, yeye na kijana yule, na ya Bi Zuena aliyekufa akijua bila kuambiwa.

"Bado mnakutana Alhamisi?" akaniuliza.

"Tunakutana. Mie jumuiya yangu sasa ni ya Nguvumali, lakini ni siku ile ile."

"Basi mie niacheni. Mwombeeni mama yake yule kijana. Kama yu hai, hana wa kumpigia simu."

Nikamwambia tutamwombea. Kwa mazoea yetu ya kutaja watu mbele ya Mungu nikamuuliza kijana yule alikuwa anaitwa nani. Nassor akasema amemtafuta jina tangu mwaka ule, ameuliza kwa siri kila anapoweza kuuliza, na bado hajalipata.